Nyota Nje ya Nukuu

Maneno manne niliyoyasema kwenye simu siku moja ya Alhamisi bado yananitia aibu. Nilisema, "Kwangu inafanya kazi vizuri." Niliyasema nikiwa Lodwar, kwa sauti ya mtu aliyeonewa. Upande wa pili, Kakuma, alikuwa mwalimu wa kompyuta. Nikasikia jenereta likinguruma nyuma yake na mbuzi akilia karibu na dirisha. Kisha akanijibu kwa Kiswahili chake cha Kongo, polepole, kama mtu anayemhurumia mgonjwa.

"Dada, kwako ni kwako. Huku mashini inasema hao batu hawako."

Hao watu hawako. Nilikuwa nimekaa na kila mmoja wao. Nilikuwa nimekunywa chai yao, nimepigwa na upepo wa mchanga pamoja nao, nimeshika kinasa sauti karibu na midomo yao hadi mkono ukafa ganzi. Sasa mashine ya Kakuma, ambayo haijawahi kumwona mtu, ilikuwa inaniambia hawako.

Niliingia Turkana mwaka 2012 na riwaya moja isiyomalizika. Rafiki zangu wa Nairobi, ambao tulikuwa tukikutana kila Jumamosi kusomeana miswada na kuumizana kwa maoni, waliniaga kana kwamba riwaya za watu zimelala tu juu ya mchanga wa Lodwar zikingoja mtu wa kuziokota. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo na ya mkataba: kurekodi kumbukumbu za wazee, wenyeji na wakimbizi, ili kila mmoja apewe sauti yake kwenye memori kadi ya simu na nakala nyingine ihifadhiwe. Ofisi yetu ilikuwa vyumba viwili Kanamkemer, vyenye bati lililovuma mchana kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Rekodi zenyewe zilikaa Kakuma, kwenye kompyuta kuukuu ya kituo cha mafunzo ambako mwalimu alikuwa akifundisha vijana, kwa sababu zilikuwa nzito mno kutumwa kwa mtandao wa huko.

Kompyuta ya Lodwar niliirithi kutoka kwa mtu aliyenitangulia. Alipanga kila kitu alivyopenda yeye, pamoja na sheli. Niliposema neno hilo mbele ya jirani yangu mwendesha bodaboda, alinielekeza barabarani, maana sheli kwetu ni mahali pa petroli. Sheli ninayoisema mimi ni mkalimani. Anakaa kati yako na mashine, anasoma mstari ulioandika, anaukata maneno maneno, kisha anaipelekea mashine kila neno kama amri au kama jina la kitu. Wakalimani hawa wako wengi na kila mmoja ana tabia yake. Wa Lodwar aliitwa zsh. Wa Kakuma aliitwa bash. Mimi niliwadhania mtu na ndugu yake.

Kati ya wote niliowarekodi kulikuwa na bibi mmoja kutoka Sudan Kusini. Aliishi katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma na binti yake, mama wa makamo aliyeuza samaki wakavu wa ziwani kwenye soko la kambi. Nilimrekodi alasiri tatu mfululizo. Alizungumza kuhusu mto wa kwao, kuhusu ng'ombe mweupe aliyetolewa kwa ajili yake alipoolewa, na kuhusu wanawe wawili wa kiume waliobaki upande wa pili wa mpaka, ambao hakuwaona tangu vita vya zamani. Katikati ya kila hadithi aliwaita wale wanawe kwa majina yao, kana kwamba wako nje wanachota maji.

Siku ya kwanza nilimuuliza jina. Alitaja neno moja tu. Lilikuwa neno zuri, zito, lenye irabu ndefu mwishoni, na mimi, kwa ujinga wa mtu anayependa maneno, nikaliandika hivyo hivyo na kulipa folda yake jina hilo. Sikuuliza zaidi. Binti yake alikuwa amekaa hapo, akatazama chini.

Mapema mwaka 2013 bibi akafariki.

Miezi michache baadaye, binti yake alifika kwa mwalimu na ombi moja. Alikuwa anarudi kwao. Lori lingeondoka Jumamosi asubuhi kuelekea mpakani, na alikuwa amekwisha kuuza kibanda chake. Ndugu zake wawili wangempokea huko, na hao ndio waliokuwa hawajaisikia sauti ya mama yao tangu wakiwa vijana wadogo. Alitaka kadi yake. Alisema kama kadi haipo, afadhali aambiwe mapema, ili ajue atawaambia nini.

Mwalimu alinipigia Jumanne. Nikaona hii ndiyo nafasi ya kumaliza kazi yote kwa mpigo. Rekodi za kila mtu zilikuwa vipandevipande ndani ya folda yenye jina lake. Basi nikaandika programu fupi, mistari michache tu: pitia orodha ya watu, kwa kila mtu chukua vipande vyote vilivyo ndani ya folda yake, viunganishe kuwa sauti moja, iweke sauti hiyo katika folda iitwayo Tayari ikiwa na namba ya mtu, kisha ufute folda na vipande vyake. Kufuta nilikuongeza mwishoni, kwa sababu kompyuta ya Kakuma ilikuwa imejaa hadi shingoni, na kwa sababu nilikuwa najiona.

Niliijaribu Lodwar kabla ya kuituma. Sikuwa na rekodi za kweli, kwa hiyo nilitengeneza folda bandia na kuzipa majina ya wahusika wa riwaya yangu, majina matatu matatu, kama fomu zote za nchi hii zinavyotaka: la mtu, la baba, la babu. Ilipita kama maji kwenye mfereji. Wahusika wangu wote wakaungana, wakapata namba, wakatulia.

Jumatano asubuhi mwalimu alinipigia kusema hana zsh. Nikamwambia abadilishe mstari wa kwanza, unaotaja mkalimani, aandike bash. "Ni kitu kimoja," nilimwambia. Sikusita hata kidogo.

Alhamisi ndiyo siku aliyoniambia kwamba watu hawako. Alisema jana yake programu ilimtukana ukurasa mzima, hakuna, hakuna, hakuna, halafu ikanyamaza. Nikamwambia ajaribu tena. Akakataa.

"Mimi kitu kikinitukana mara moja," akasema, "sikiendei mara ya pili. Kuja mwenyewe, dada, kikutukane wewe."

Nilikata simu nikiwa nimechemka. Hata leo nikikumbuka hasira ile naona haya, kwa sababu utakuja kuona ukaidi wake ulifanya nini. Lakini siku ile niliona nina mwalimu wa kompyuta anayeogopa kompyuta. Nilizunguka chumba. Nilikunywa maji ya moto yaliyokuwa yamekaa dirishani. Halafu nikasoma, nikasoma tena, na jioni kabla jua halijazama nikaelewa nusu ya kosa langu.

Ni hivi. Zsh ukimpa jina lenye nafasi katikati, jina lililohifadhiwa na programu, analichukua lote kama lilivyo. Bash ukimpa jina hilo hilo bila kulifunga, analikata kila anapoona nafasi. Mtu mwenye majina matatu anatoka kwake akiwa watu watatu. Anaenda kutafuta folda ya mtu, hakuna. Anatafuta folda ya baba yake, hakuna. Anatafuta ya babu, hakuna. Ile nafasi tupu kati ya jina la mtu na la baba yake, ambayo mimi sijawahi kuifikiria maishani, yeye anaiona ni mlango uliofunguliwa.

Dawa yake ni alama za kunukuu. Ukilizungushia jina nukuu mbili, bash haruhusiwi kulikata. Nilifurahi, kwa sababu nukuu ni kazi yangu. Karibu na Kanamkemer watu huwalaza mbuzi ndani ya ua wa miiba, na ua ukifungwa, mbuzi kumi ni zizi moja. Nilifungua faili, nikazungushia jina ua wake, nikaihifadhi kwenye flashi, na Ijumaa alfajiri nikapanda gari la mizigo lililokuwa likipeleka unga Kakuma. Dereva alinisalimu "ejok" mara moja, nikaitikia, kisha hatukuongea tena hadi mwisho wa safari. Barabara ile haikuacha nafasi ya maneno. Kila shimo nililijaza kwa hotuba niliyokuwa nimemwandalia mwalimu.

Nilipofika kituoni saa tano, hotuba yangu iliishia mlangoni. Mama muuza samaki alikuwa amekaa kwenye benchi la nje. Miguuni pake palikuwa na mafurushi matatu yaliyokwisha kufungwa kwa kamba, na harufu ya samaki ilikuwa imeshika benchi lote. Nilimwamkia. Akaitika, akanitazama mavumbi yangu kutoka kichwani hadi miguuni.

"Mwalimu anasema mashini yenu imekula mama yangu," akasema.

Nilimwambia mashine haijala mtu, imekosea kusoma tu, na kwamba ninayo dawa mfukoni. Akasema sawa, yeye atakaa. Jenereta la kituo lilizimwa saa kumi na moja kamili kila siku, na Ijumaa hakukuwa na msamaha.

Ndani, nilichomeka flashi na kunyoosha mkono niendeshe programu iliyorekebishwa. Mwalimu akaushika mkono wangu. Alikuwa mwanamume mnene, mpole, mwenye shati lililopigwa pasi hata kwenye joto lile, na alinishika kama mtu anayemzuia mtoto asiguse jiko.

"Kwanza tujaribishe kwa batu ba bure," akasema.

Nilimweleza kwamba hatuna muda. Nilimweleza kwamba nimekwisha kuelewa. Hakuuachia mkono. Basi, kwa kumkomoa, nikatengeneza upya folda zangu za bandia kwenye mashine yake, wale wahusika wa riwaya, majina matatu matatu, nikaiendesha programu mpya juu yao.

Hakuna. Hakuna. Hakuna.

Mwalimu aliuliza hawa watu ni akina nani. Nikamwambia ni watu nilioandika mimi, kwenye kitabu, hawapo. Akaitazama skrini kwa utulivu.

"Basi leo njo mara ya kwanza imesema kweli."

Sikucheka. Niliinama hadi pua ikakaribia kioo, nikaona kitu. Mbele ya jina la kwanza la kila mtu palikuwa na kijialama kilichojikunja, na nyuma ya jina la tatu kingine kilichojikunja upande wa pili, kama pembe za dume la ng'ombe. Nukuu zangu hazikuwa ua. Zilikuwa zimegandana na majina, zimekuwa herufi tu.

Ilinichukua muda mrefu kukubali nilichokifanya. Faili lile nililifungua Lodwar katika programu ninayoandikia riwaya. Programu ile, kila ninapobonyeza kitufe cha nukuu, huifuta ile alama fupi iliyonyooka na kuweka mahali pake nukuu nzuri zilizopinda, kama zilizomo vitabuni. Miaka miwili nilikuwa nimezipenda nukuu zile. Niliwahi kubishana Jumamosi nzima na rafiki zangu kwamba mazungumzo yaliyowekwa ndani ya nukuu zilizonyooka yanaonekana maskini. Sasa bash ananiambia hajui uzuri ni nini. Yeye anajua alama moja tu, ile maskini, na nyingine zote kwake ni mapambo.

Nilizifuta moja moja kwa hasira na kuandika zilizonyooka, hapo hapo kwenye mashine ya mwalimu. Nikaendesha.

Hakuna. Mara hii ilisema hakuna mara moja tu kwa kila mtu, na majina yote matatu yalitoka yakiwa pamoja. Lakini hakuna.

Nje, mama alikohoa. Ilikuwa saa nane na robo. Nilipiga meza, kikombe cha mwalimu kikaruka. Nilisema mambo kuhusu watu waliotengeneza mashine hizi ambayo sitayaandika hapa. Mwalimu alikiweka kikombe sawa na kunionyesha kwa kalamu mwisho wa mstari wa lile lalamiko.

"Hii nyota ni ya nini?"

Baada ya jina palikuwa na mkwaju, ule mstari ulioinama, na baada ya mkwaju nyota. Nyota hiyo ndiyo inayomwambia sheli: chochote kilichomo humu ndani, kichukue. Mimi, kwa kuwa safari hii nilitaka usalama, nilikuwa nimezungushia kila kitu nukuu, jina na nyota pamoja. Ndani ya nukuu nyota inapoteza kazi. Inakuwa nyota tu, mchoro, na bash alikuwa anatafuta kwa uaminifu kipande cha sauti kinachoitwa nyota. Ua wa miiba unawafaa mbuzi, lakini nilikuwa nimemfungia humo na mchungaji.

Nikaitoa nyota nje ya nukuu. Jina ndani, nyota nje. Wahusika wangu wakaungana wote, wakapata namba, wakatulia kama walivyotulia Lodwar.

Niliruka kwenye kiti. Nilitaka kuendesha programu kwenye orodha ya kweli papo hapo. Mwalimu alikuwa bado ana kalamu yake, akaiweka juu ya kibodi.

"Ngoja. Folda ya bibi haiko."

Nikamwambia ndiyo, mashine ilisema wote hawako, lakini folda zao zipo, ndilo kosa tulilolitengeneza. Akatikisa kichwa, akafungua dirisha lenye folda zote. Walikuwepo kila mmoja. Wazee wa Kiturkana wa kule Lokiriama waliokuja kuuza mbuzi, mafundi, akina mama, wakunga. Wote ambao mashine iliwakana, walikuwepo. Folda yenye neno moja, zuri, zito, lenye irabu ndefu mwishoni, haikuwepo. Kwa wengine wote mashine ilidanganya. Kwa yule bibi ilisema kweli.

Nilijua ni nani aliyeandika mstari wa kufuta.

Sikutoka nje. Nilijua nikitoka nitamkuta mama anatazama mlango. Mwalimu hakunilaumu, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alichukua karatasi, akafungua ule ukurasa wa matusi wa Jumatano, aliokuwa ameuhifadhi, na tukaanza kuusoma mstari kwa mstari kama watu wanaosoma barua ya msiba. Kila mtu alilalamikiwa mara tatu wakati wa kuunganisha na mara tatu wakati wa kufuta. Mtu wa kwanza tatu na tatu. Wa pili tatu na tatu. Macho yaliniuma. Wazee wawili wa Kiturkana waliojiandikisha kwa majina mawili walilalamikiwa mbili na mbili. Tukaendelea. Kisha mwalimu akasimamisha kalamu.

"Huyu ana majina matatu," akasema, "na mashini imemulalamikia mbili."

Alikuwa mtu wa kumi na saba, mwanamume mmoja wa Sudan Kusini, fundi wa baiskeli. Jina lake, hakuna. La baba yake, hakuna. La babu yake, kimya. Nilisoma jina la babu yake kwa sauti. Lilikuwa lile neno.

Nilisimama. Nilitembea hadi ukutani na kurudi. Bash alimkata fundi vipande vitatu, akamtafuta mtu, akakosa, akamtafuta baba, akakosa, akamtafuta babu, akaikuta folda ya bibi. Akachukua vipande vyote vya bibi, alasiri zote tatu, akaviunganisha vizuri kabisa na kuviweka kwenye Tayari, chini ya namba kumi na saba. Kisha akafuta folda, kama nilivyomwagiza. Zamu ya bibi mwenyewe ilikuwa chini zaidi kwenye orodha; ilipofika, folda yake haikuwepo tena.

Tulifungua namba kumi na saba. Upepo kwanza, ule upepo wa Kakuma unaoingia katika kila rekodi. Halafu kikohozi kifupi. Halafu bibi, akimwita mwanawe mkubwa.

Mwalimu alivua miwani. Mimi nilikuwa nimekwisha kufikiria jambo lingine. Programu ile, kila inapoendeshwa, huandika upya juu ya ilichokiandika mwanzo. Kama Alhamisi angenitii, kama angejaribu tena mara moja tu, bash angemkata fundi upya, asingepata folda ya babu kwa kuwa imekwisha kufutwa, na angeandika ukimya juu ya namba kumi na saba. Asubuhi hii nayo, kama asingenishika mkono, zile nukuu zangu za vitabuni zingefanya vilevile. Nilimwambia.

"Nilikuambia sikiendei mara ya pili," akasema, akavaa miwani yake.

Tulinakili namba kumi na saba mahali pawili kabla ya kugusa kitu kingine. Ndipo nikamwita mama ndani. Alisikiliza akiwa amesimama, mkono mmoja juu ya meza. Hakulia. Alisikiliza hadi ng'ombe mweupe akatajwa, akaguna na kumsahihisha mama yake kidogo kuhusu rangi ya ng'ombe, kwa Kiarabu cha Juba, kana kwamba wako jikoni.

Nilimweleza sauti ilikokuwa imejificha. Na kwa kuwa mimi ni yule niliye, nilimuuliza kama yule fundi wa baiskeli ni ndugu yao. Jina ni lile lile. Labda mashine, kwa upofu wake, imewakutanisha watu wa ukoo mmoja. Moyo wangu ulikuwa umekwisha kuiandika sura hiyo.

Akacheka hadi akashika kiuno. "Huyo mtu ya mbali. Jina hiyo wanaume wengi wako nayo, kwa kila mto."

"Wanaume?" nikauliza.

"Hiyo ni jina ya baba yake mama yangu. Wewe uliuliza jina, yeye akakuambia yeye ni wa nani. Ndiyo aliskia uliuliza."

"Kwa nini hukuniambia siku ile, mama?"

"Mama anaongea, mimi nimukate?"

Mtu pekee ambaye majina yake hayakukatwa na mashine alikuwa amekwisha kukatwa na mimi, kwa kalamu, mbele ya binti yake, kwa sababu neno moja lilinipendeza. Laiti ningeuliza majina matatu kama karani yeyote wa fomu, asingepatikana mahali pa babu wa mtu.

Nikamwomba anitajie jina lote. Alinitajia la mama yake mwenyewe, kisha la baba, ambalo ndilo nililokuwa nalo, kisha la babu. Alitaja polepole, akingoja baada ya kila moja ahakikishe nimeandika. Nikatengeneza folda mpya yenye majina yote matatu na nafasi zake mbili, nikaiweka sauti ndani. Mwalimu alipendekeza tuyaunganishe majina kwa kistari cha chini badala ya nafasi, tusije tukasumbuka tena. Mama aliisogelea skrini, akatazama kistari.

"Hapa mumefunga watu na kamba," akasema. "Toa."

Tukakitoa. Nilibandika jina katika orodha na kuiendesha programu, ikiwa na nukuu zilizonyooka na nyota ikiwa nje, na mstari wa kufuta nikiwa nimeufuta wenyewe. Wote walipita. Hakuna aliyelalamikiwa. Sauti ya fundi iliingia kwenye namba kumi na saba, mahali pake, na bibi akapata namba yake. Ilikuwa saa kumi na dakika arobaini, na mlinzi alikuwa ameanza kutembea kuelekea kwenye jenereta.

Mama alitoa simu yake kutoka kwenye fundo la leso. Nikatia kadi yenye sauti, nikalipa faili jina la mama yake, majina yote matatu, nikamkabidhi. Kioo cha simu ile kilikuwa kidogo kama sanduku la kiberiti. Kilionyesha jina la kwanza, herufi tatu za jina la pili, halafu vitone vitatu. Basi.

Hasira ya siku tatu ikanirudi yote kwa pamoja. Nilimnyang'anya simu, karibu kwa utovu wa adabu, nikaanza kubonyeza vitufe nikitafuta mahali pa kupunguza maandishi. Nilimwambia mwalimu alete simu nyingine. Nikawa nasema kwa sauti kwamba haiwezekani, kwamba kila kitu duniani kimeapa kuwakata watu hawa. Jenereta likakohoa, likazimika, na feni ikaanza kuzunguka polepole juu yetu.

Mama aliichukua simu mkononi mwangu bila kuvuta. Akabonyeza, mama yake akaanza kuita, na akaiweka karibu na sikio.

"Wacha, binti yangu," akasema. "Iliyobaki mimi naijua."

Akatoka nayo hivyo hivyo kwenye benchi, akaketi kati ya mafurushi yake, akisikiliza.